Antene yetu isife kama ile pompi

Maneno ya komite kwenye mkutano mkuu wa wanamemba, mwezi wa 8, mwaka 2025



Leo komite haina mambo mengi. Tunataka kuzungumza juu ya kitu kimoja: ile antene ya intaneti iliyo nyuma ya kituo cha afya, na namna ya kuilinda. Mtatusamehe kama mengine tutayasema bila kuyapaka sukari.

Tuanze mbali kidogo. Wengi wetu hapa tuliishi Lugufu, wengine Nyarugusu. Mnakumbuka zile karatasi za Msalaba Mwekundu. Hazikuwa na bahasha. Uliandika habari za familia tu: nani amezaliwa, nani amefariki, tuko wapi. Karatasi ilivuka ziwa, ikatafuta mutu mlimani, ikarudi kisha miezi. Wakati mwingine ilirudi yenyewe, haikufunguliwa na mkono wowote, juu yake wameandika kwamba mwenyewe hakupatikana. Kuna mama yuko kati yetu leo aliyepokea jibu la mume wake wakati mtoto aliyemwachia tumboni alikuwa tayari anatembea.

Mwezi wa 10 mwaka 2005 meli za UNHCR zilipoanza kutuleta kutoka Kigoma mpaka Baraka, tulishuka na shiti, sufuria, jembe na chakula cha kuanzia. Tulisema: sasa tumefika nyumbani, habari za kungoja zimeisha. Lakini ndugu wengine walibaki. Lugufu ilipofungwa mwaka 2009 walihamishiwa Nyarugusu, na wengi baadaye wakaenda Marekani. Leo familia moja ya kijiji hiki iko na mutu Baraka, mutu Nyarugusu, mutu Uvira, na mutu Marekani anayefanya kazi usiku. Sisi rapatriye tunajua bei ya habari kuliko watu wengi. Kwa hiyo hatukupaswa kuwa watu wa kuichezea. Kumbe tuliichezea.

Ile pompi ya maji

Kila mtu hapa anaijua pompi ya njia panda. Ilichimbwa tuliporudi. Ilikuwa na komite, ilikuwa na kibao cha rangi ya buluu chenye jina la shirika. Shirika lilipomaliza muda wake, pompi ilifanya kazi miaka miwili. Kisha kipande kimoja cha mpira kikakatika, kipande ambacho mutu anaweza kukibeba mfukoni. Hakuna aliyejua kinapatikana wapi, hakukuwa na makuta ya kukinunua, na kila mtu alisema hiyo ni kazi ya wazungu. Leo mbuzi wanafungwa pale. Kibao bado kiko.

Tunaleta habari ya pompi kwa sababu mwezi wa 2 mwaka huu antene yetu ilikaribia kufa vile vile.

Antene yetu ya kwanza, ile kubwa, iliwekwa mwaka 2023. Mbele yake, mutu aliyetaka rezo alipanda mlima. Mnara wa simu ulio karibu nasi hutoa sauti tu na mesaji, na mafuta ya jenereta yakikosekana hautoi hata hiyo. Antene kubwa ilizungumza na setilaiti iliyo mbali sana, kama kilometa 36,000 juu. Kwa sababu ya safari hiyo, sauti yako ilichukua karibu nusu sekunde kwenda na jibu kurudi, na watu walikuwa wanakatiana maneno. Hata hivyo ilikuwa yetu. Muganga alituma picha ya kidonda kwa daktari wa Baraka na kupata jibu kabla mgonjwa hajachoka kukaa. Walimu walipakua vitabu. Mama wanaoshusha mafuta ya mawese na kupandisha ndagala waliuliza bei ya soko kabla ya kufunga mzigo. Mama mmoja alituambia: «Mie sijue kusoma, lakini ile antene inanipunguzia miguu.»

Sasa sikieni makosa yetu. Antene na ruta yake hula umeme kama wati 75. Tulikuwa na batri mbili za asidi, za volti 12 na ampea-saa 100 kila moja. Ukipiga hesabu, zote mbili zikijaa zinabeba wati-saa 2,400. Lakini batri ya asidi haitaki kushushwa chini ya nusu; ukizoea kuikamua mpaka mwisho, inakufa mapema. Kwa hiyo mali yetu ya kweli ilikuwa wati-saa 1,200, maana yake saa 16 za antene bila jua. Hiyo ilitosha usiku mzima.

Vijana waliomba kuonyesha mechi za Ulaya palepale. Wangelipisha mlango na kuleta nusu kwa chama. Komite ilikubali. Ndiyo, sisi, majina yetu yako kwenye daftari. Televisheni, dekoda na spika zikawekwa kwenye batri zile zile, na telefone za watazamaji nazo zikaja kunywa umeme. Mtu mmoja peke yake alikuwa na ufunguo. Forfe ya mwezi ililipwa kwa telefone yake, kwa jina lake. Alipofuata kazi Misisi, nambari ya siri alikwenda nayo. Hatusemi kwamba aliiba. Tunasema hatukumwomba aiache.

Mwisho wa mwezi wa 1 batri zikafa. Forfe nayo ikakatika. Tukasema tutakutana juma lijalo.

Juma lililofuata halikuwa juma la kawaida. Mwisho wa mwezi huo vita ilifika Goma, na katikati ya mwezi wa 2 ikafika Bukavu. Benki zilifunga milango kule. Sisi hapa tulikuwa na watoto wetu Bukavu, wanafunzi wa universite na wale waliokuwa wanajifunza kushona. Wazazi walikuja kituoni usiku, wakakuta ruta haina taa hata moja. Wakapanda mlima na tochi kama zamani. Simu ziliita bila kushikwa, au hazikupita. Wengine walikaa juma tatu bila neno. Baadaye tulijua kwamba watoto wale walikuwa wanatuma sauti za WhatsApp kila siku: «Papa, niko mzima, niko kwa mama mkubwa.» Sauti zilikuwa zinangoja angani, hazina mahali pa kutua, kwa sababu sisi tulikuwa tumeuza usiku wa batri kwa mpira.

Mzee mmoja alisema pale mlimani: «Tumerudi kwenye karatasi za Msalaba Mwekundu.» Hakusema kwa hasira. Lakini safari hii hakuna serikali iliyotukata, hakuna jeshi lililotukata, hakuna mwizi. Ni sisi.

Yanayoweza kuikata

Tusije tukajilaumu mpaka tukasahau wengine. Rezo ya kijijini inaweza kukatwa kwa njia nyingi, na anayetaka kuilinda lazima azijue.

Kuna kukatwa kwa amri. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilizimwa katika nchi nzima, ikarudi karibu juma tatu baadaye. Kuna kukatwa kwa bei. Mwaka 2020 ilikuja ile kodi ya RAM: unaweka unite kwenye telefone, zinaondoka bila kukuuliza. Kwa mutu wa mjini ilikuwa kero. Kwa mama wa hapa ilikuwa mawasiliano yake ya mwezi. Lakini kumbukeni mwisho wake: watu walilalamika makanisani, redioni na bungeni, na mwaka 2022 kodi ile ikaondolewa. Yaani kusema kunasaidia, wakisema wengi.

Tena kuna kukatwa kwa kutojua sheria. Mwezi wa 3 mwaka 2024, ARPTC, ofisi ya nchi inayosimamia mawasiliano, ilikataza vifaa vya Starlink kwa sababu havikuwa na leseni hapa kwetu. Wengi wenu mlitukasirikia. Mlisema antene ndogo ziko Kigoma, zinavuka ndani ya mifuko ya mchele, komite inangoja nini? Komite ilikataa, na juu ya hilo hatuombi msamaha. Chombo kinachofichwa hakiwezi kuwa mali ya kijiji. Siku askari anakiona, kinakuwa mali yake. Mwezi wa 5 mwaka huu leseni ilitolewa, na mwezi wa 6 wafadhili wetu walitununulia antene ndogo kwa karatasi halali. Hii inazungumza na setilaiti zilizo karibu, kama kilometa 550 juu. Ndiyo maana siku hizi sauti zinakwenda bila kukatiana, na muganga anaweza kuonana uso kwa uso na daktari.

Lakini antene mpya haikuja na akili mpya ndani ya karatoni. Hiyo tulipaswa kuileta sisi.

Tulichobadilisha

Tangu mwezi wa 6 tunafuata mambo matano. Tunaomba mkutano huu uyapigie kura leo, ili yawe sheria ya chama, yasiwe mapenzi ya komite.

La kwanza: batri za antene hazifanyi kazi nyingine. Haziwashi televisheni, haziwashi spika ya kanisa, hazichaji telefone ya prezida wa chama. Vijana wanaotaka mpira watafute pano na batri zao. Tutawasaidia kuomba mkopo kwa likelemba.

La pili: mpangilio. Asubuhi ni ya kituo cha afya na shule. Mchana ni wa wote, kwa tikiti. Usiku rezo inafunguliwa kwa mesaji na sauti tu, na kwa habari ya hatari inafunguliwa saa yoyote bila tikiti. Filamu zimezuiwa kwenye ruta. Msituone wakali. Filamu ya saa moja yenye picha safi inaweza kula mega 3,000. Sauti ya WhatsApp kwa kawaida haifikishi mega 1 kwa dakika. Basi filamu moja ya mutu mmoja ni kama saa 50 za mazungumzo ya wazazi na watoto. Tena zimeni ile hali ya telefone kujipakulia mambo mapya yenyewe. Nayo inakunywa kimyakimya.

La tatu: ufunguo. Sasa kuna wanne wanaojua kazi, wasichana wawili na wavulana wawili. Nambari za siri zimeandikwa kwenye bahasha iliyofungwa, iko kwa chefu. Forfe iko kwa jina la chama. Mmoja akienda Misisi, tunamtakia safari njema.

La nne: makuta. Tumefuata mfano wa mama wa likelemba: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa familia tofauti, na hesabu inasomwa mbele ya watu kila mwisho wa mwezi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tuliona kwa macho. Kila tikiti ina nambari, na nusu ya karatasi inabaki kwenye daftari. Atakayesema «komite inakula makuta yetu» aje afungue daftari. Na akikuta kweli tumekula, aseme hapa hapa.

La tano: ulinzi wa watu. Rezo inaleta pia nyoka. Mnajua ile mesaji inayosema UNHCR inaandika rapatriye wa kwenda Marekani, tuma dola kwa nambari hii. Ni uongo. Huduma za UNHCR ni bure, na kupelekwa nchi ya tatu hakuuzwi. Familia mbili za hapa zimeuza mbuzi kwa mesaji ya namna hiyo. Tena wakati huu wa vita msitume picha za watu wanaokimbia, wala kusema ni nani amelala nyumba gani. Ukipata habari usiyoijua mzizi wake, iache ifie kwako.

Haki tunayoweza kuidai

Wengine wanasema: tukijitahidi sana, Leta itasahau kazi yake. Ni neno la kweli, tusilicheke. Kwa hiyo tunataka kufanya yote mawili.

Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020 inasema juu ya mawasiliano katika nchi yetu. Ndani yake kuna jambo la huduma kwa wote: kwamba mutu wa kijijini naye ahesabiwe, siyo wa mjini tu. Kwa kazi hiyo kuna mfuko unaoitwa FDSU, na makampuni ya simu yanapaswa kuchangia ndani yake, ili minara ifike mahali ambapo biashara peke yake isingeifikisha. Basi mahali hapo ni hapa. Tunapendekeza tuandike barua mbili, zitiwe mkono na chefu, shule, kituo cha afya, makanisa yote na vyama vya mama. Moja iende FDSU, kuomba kijiji chetu na vijiji vya jirani viwekwe kwenye orodha ya minara. Nyingine iende ARPTC, kuuliza chama kama chetu kinachogawia watu wake rezo kinahitaji karatasi gani, ili tuwe nayo kabla hatujaulizwa. Nakala ziende kwa wabunge wetu wa Fizi. Tuhesabu kaya zetu vizuri, bila kuongeza hata moja. Barua yenye hesabu za kweli haizeeki haraka.

Tena hatuko wa kwanza. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, watu walijipatia rezo yao inayoitwa Pamoja Net. Intaneti ilivushwa juu ya maji kwa mawimbi ya redio kutoka upande wa Bukavu, na mwami wa kule aliunga mkono kazi hiyo. Idjwi hakuna utajiri kuliko hapa. Kuna mihogo, samaki na matope kama kwetu.

Tunachoomba

Kwa wafadhili wetu. Ninyi mlitulipia forfe mpaka mwezi wa 12. Tunawashukuru, na tunawaeleza wazi: msituendeleze hivyo hivyo. Kuanzia mwezi wa 1 tunataka kulipa nusu sisi wenyewe kwa tikiti na michango, na katikati ya mwaka tulipe yote. Msituletee antene ya pili. Tuleteeni batri za lithiamu, ambazo zinavumilia kujazwa na kushushwa mara nyingi kuliko zile za asidi, na mafunzo kwa wale vijana wanne, ili kipande kikikatika kiwe na fundi hapa hapa. Na msiweke kibao cha buluu. Tutaweka wenyewe kibao chetu, kitaandikwa masaa ya kazi na bei ya tikiti.

Kwa mzee chefu. Kile kiwanja cha antene tulipewa kwa mdomo. Mdomo wako tunauamini, lakini wajukuu wetu hawataukuta. Tunaomba karatasi.

Kwa wanamemba. Mchango ni franka 1,000 kwa kaya kila mwezi. Asiye nayo alete siku moja ya kazi: kufyeka, kufuta pano, kulinda usiku. Pano yenye vumbi la kiangazi inatoa umeme pungufu, na kuifuta kunataka kitambaa, maji na mutu asiye na kizunguzungu.

Wale wanafunzi wa Bukavu, wengi tumewapata wote kwa sauti, na wengine wamerudi nyumbani kwa mashua na miguu. Mmoja wao ndiye anayepiga hesabu za sanduku sasa. Tulimwuliza kwa nini amekubali kazi isiyo na mshahara. Alisema: «Nilituma sauti siku 19. Sitaki mwingine atume siku 19.»

Salongo ni Jumamosi hii, saa 2 za asubuhi, nyuma ya kituo cha afya. Mvua ziko karibu, na mtaro wa maji unapita kando ya nguzo ya antene. Mje na jembe.

Mungu awalinde, na ninyi mtulindie rezo.